Sarafu za Kale: Anayeanza Aanze na Daftari Kabla ya Mfuko

Tunapenda kuwaandikia wasomaji wetu juu ya kijitabu kimoja kilichotufikia kutoka mbali, na juu ya jambo lililomfika msomaji wake.

Kijana mmoja aliyesoma kwetu, ambaye leo ni mwalimu wa shule ya msingi huko Yaeda Chini, mkoa wa Manyara, alituletea bahasha kwa mkono wa msafiri. Ndani yake mlikuwa na vitu vitatu. Cha kwanza ni fotokopi ya kijitabu cha Kiswahili kinachofundisha namna ya kuanza kukusanya sarafu za kale. Jalada lake limeng'oka, na hakina jina la mwandishi wala mahali kilipopigwa chapa. Cha pili ni sarafu moja ya rangi ya dhahabu yenye picha ya tembo, imefungwa katika kitambaa. Cha tatu ni barua.

Katika barua anasema kwamba alikisoma kijitabu hicho mara mbili, akaingiwa na shauku, akaenda mnadani akauza mbuzi watatu, na kwa thamani yao akanunua sarafu hiyo kwa mchuuzi mpita njia, aliyemwambia kuwa ni dhahabu ya Mjerumani iliyopigwa Tabora. Anauliza mambo matatu. Je, sarafu hii ni ya kweli? Je, kijitabu kinafaa kutegemewa? Na ikiwa sarafu si ya kweli, je, inajuzu kwake kumuuzia mwingine kama yeye alivyouziwa, ili apate kurudisha mbuzi wake? Swali la tatu ndilo lililotufanya tuandike hapa badala ya kumjibu kwa barua, kwani hatudhani kuwa yuko peke yake.

Mazuri ya kijitabu

Uadilifu unatutaka tuanze na mazuri. Kijitabu kinamshauri anayeanza achague mlango mmoja, kama vile mji mmoja au ufalme mmoja, asikusanye kila kinachong'aa. Kinamtaka anunue mizani ndogo na kioo cha kukuzia kabla ya kununua sarafu. Kinamfundisha kuishika sarafu kwa ukingo wake na kuiweka katika bahasha ya karatasi. Yote hayo ni nasaha njema.

Kadhalika kimeonya vizuri juu ya reale ya Maria Theresa. Reale hiyo imeandikwa 1780, mwaka aliofariki malkia huyo, lakini iliendelea kupigwa kwa tarehe ile ile huko Vienna na katika miji mingine mpaka karne ya 20, kwa sababu wafanyabiashara wa Bahari ya Sham, Omani na pwani yetu waliizoea sura hiyo na hawakutaka ibadilishwe. Kwa hiyo mwaka ulioandikwa juu ya sarafu si lazima uwe mwaka wa kupigwa kwake. Lau mwandishi angeendelea na tahadhari hiyo katika kurasa zake zote, tusingekuwa na neno. Lakini hakuendelea, na sisi tumeona ndani ya kijitabu makosa manne ambayo haifai kuyanyamazia.

Kosa la kwanza: sarafu bila habari yake

Kijitabu kinataja mambo mengi ya kumwuliza mchuuzi: madini, uzito, uchakavu na bei. Hakimwambii msomaji hata mara moja aulize: Imepatikana wapi, lini, na pamoja na nini?

Sisi tuliosoma elimu ya hadithi tunajua kwamba matni peke yake haitoshi. Maneno yanaweza kuwa mazuri na maana yake sahihi, lakini mwanachuoni atauliza: nani kakupokeza, naye kapokea kwa nani? Sarafu nayo ni hivyo. Maandishi yake ni matni. Mahali ilipookotwa na mikono iliyoipitisha ndiyo isnadi. Sarafu iliyokatwa isnadi yake inabaki kipande cha madini kinachosomeka, na tarikh haiwezi kujengwa juu yake.

Mfano wa jambo hili tunao hapa hapa kwetu. Tarikh ya Kilwa imetufikia kwa njia mbili. Moja ni Kitab al-Sulwa fi Akhbar Kilwa, kwa Kiarabu, ambayo nakala yake Sayyid Barghash alimpa balozi John Kirk, na leo imehifadhiwa London. Ya pili ni muhtasari ulioingizwa katika kitabu cha Mreno João de Barros kilichochapwa mwaka 1552. Riwaya hizi mbili zinahitilafiana katika majina ya masultani na mpangilio wao. Waliofuata hesabu ya tarikh hizo walimweka Ali bin al-Hasan, anayehesabiwa kuwa mwanzilishi wa ufalme wa Washirazi wa Kilwa, katika karne ya 10 Miladia. Kisha Neville Chittick, aliyechimba Kilwa katika miaka ya 1960, akazikuta sarafu za shaba zenye jina hilo katika tabaka za udongo alizozikadiria kuwa za mwisho wa karne ya 12, akamshusha sultani huyo kwa zaidi ya miaka 200.

Mjadala ulikaa hapo mpaka mwaka 1984. Mwaka huo huko Mtambwe Mkuu, Pemba, ilipatikana akiba ya sarafu zaidi ya 2,000 za fedha, ndogo ndogo, zilizopigwa huku huku pwani, na pamoja nazo dinari chache za dhahabu. Zile za fedha hazina tarehe, na miongoni mwake zimo zenye jina la Ali bin al-Hasan. Lakini miongoni mwa dinari zimo za makhalifa wa Kifatimiyya wa Misri, na kawaida ya dinari hizo ni kuandikwa mwaka. Nazo zinaishia katika karne ya 5 Hijria, yaani karne ya 11 Miladia. Kwa kuwa zote zilikuwa mahali pamoja, zenye tarehe zikazitolea ushahidi zisizo na tarehe, na wahakiki wakaanza kumrudisha Ali bin al-Hasan katika karne ya 11.

Tazama, ndugu msomaji: hakuna hata sarafu moja katika zile 2,000 iliyosema neno hilo peke yake. Lililosema ni kukutana kwake na nyingine. Lau aliyezipata angeuza dinari kwa sonara na fedha kwa wageni mmoja mmoja, sarafu zote zingekuwapo duniani hadi leo, nzima, zinasomeka, na elimu ile isingekuwapo. Kijitabu chetu kingemwita mtu huyo mwuzaji mwerevu.

Mfano mwingine ni wa mbali zaidi. Mwaka 1944 askari wa Australia aitwaye Maurie Isenberg aliokota sarafu 9 katika mchanga wa visiwa vya Wessel, kaskazini mwa nchi hiyo: 4 za kampuni ya Wadachi na 5 za shaba za Kilwa. Hakujua ni nini, akazitia katika kopo. Zilitambuliwa mwaka 1979. Zilifikaje kule, mpaka leo watu wanabishana. Lakini wanaweza kubishana kwa faida, kwa sababu askari yule alitia alama katika ramani mahali alipoziokota, na mwaka 2013 wataalamu walisafiri kwenda kupekua huko. Mtu asiyejua kusoma hata herufi moja ya sarafu zile aliitumikia elimu kwa alama moja ya kalamu.

Kosa la pili: kusugua mpaka ing'ae

Mwandishi anafundisha kusafisha sarafu kwa ndimu na majivu. Sarafu za shaba za Kilwa ni ndogo na nyembamba, na herufi zake zimeinuka kidogo mno. Asidi ya ndimu haichagui baina ya kutu na herufi. Tunasema hivi kwa kukiri kosa letu wenyewe. Tulipokuwa wanafunzi tulipewa pesa ya shaba ya Sayyid Barghash ya mwaka 1299 Hijria, yenye jina lake upande mmoja na mizani upande wa pili. Tuliisugua jioni nzima tukifurahi kuiona inakuwa nyekundu. Asubuhi mizani haikuonekana tena, na aliyetupa hatukuweza kumtazama usoni.

Tena kuna upande wa adabu. Masultani wa Kilwa walikuwa na desturi ya kuandika jina la sultani upande mmoja wa sarafu, na upande wa pili maneno ya kumtegemea Mwenyezi Mungu kwa sifa Zake, yakiwa na vina vinavyooana na jina lile. Wanavyuoni wa madhehebu ya Shafii wamejadili dirhamu zenye aya au utajo wa Allah, na kauli iliyo sahihi zaidi ni kwamba inajuzu kuzigusa na kuzibeba bila ya udhu, kwa kuwa hazikukusudiwa kuwa msahafu. Lakini ni makuruhu kuingia nazo msalani. Na katika Sunan za Abu Dawud imepokewa hadithi ya kukataza kuvunja sikka ya Waislamu inayotumika baina yao ila kwa dharura. Isnadi yake imesemwa kuwa dhaifu, nayo inahusu pesa iliyo sokoni. Hata hivyo muumini hahitaji hadithi nyingine ili asifute jina la Mola wake kwa majivu kwa ajili ya kungarisha.

Kosa la tatu: aokotaye ndiye mwenyewe

Kijitabu kinamwambia msomaji kwamba kilichofukiwa na kusahauliwa ni halali ya aliyekifukua. Hapa mwandishi ameingia katika mlango wa fiqhi bila ya kubisha hodi.

Wanavyuoni wetu wametenganisha. Mali iliyozikwa zama za Jahiliya huitwa rikazi, na ndani yake mna khumsi, yaani sehemu moja katika tano, kama ilivyothibiti katika hadithi. Kwa kauli mashuhuri ya Shafii, hukumu hiyo ni ya dhahabu na fedha iliyofika kiwango. Ama mali yenye alama ya Uislamu, kama jina la mfalme wa Kiislamu au utajo wa Mwenyezi Mungu, hiyo si rikazi: ni ya mwenyewe akijulikana, na asipojulikana huchukua hukumu ya luqata, ambayo hutangazwa mwaka mzima. Na ikitiwa shaka ni ya zama zipi, nayo ni luqata. Baadhi ya wanavyuoni wa madhehebu wamesema kuwa mali kama hiyo, ambayo hapana tumaini la kumpata mwenyewe, ni mali iliyopotea na huwa chini ya mkono wa kiongozi kwa ajili ya maslahi ya umma. Na kilichofukuliwa katika shamba la mtu, mwenye shamba ana dai kabla ya mwenye jembe.

Sasa pima mwenyewe. Sarafu ya Kilwa ina jina la sultani Mwislamu na utajo wa Allah. Nayo aghalabu ni ya shaba. Haikuingia katika rikazi kwa sababu mbili, wala si ya aokotaye kwa kuiokota tu. Ni amana, na swali ni kwamba itatangazwa wapi ikiwa mwenyewe amekufa miaka 700 iliyopita. Sisi tunaona kwamba mahali pa kuitangaza ni kwa wale waliowekwa kuihifadhi kwa ajili ya wote. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979, inalinda vitu vilivyotengenezwa na mikono ya watu nchini kabla ya mwaka 1863, na inakataza kuchimba mambo ya kale, au kuyauza na kuyatoa nje ya nchi, bila ya kibali. Zanzibar nayo ina sheria yake. Sheria hizi hazipingani na fiqhi yetu. Zinalinda amana ile ile. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara ni urithi wa dunia tangu mwaka 1981, na huko Songo Mnara wachimbaji wenye kibali walikuta zaidi ya sarafu 300 za shaba zimewekwa pamoja ndani ya nyumba moja. Anayeokota sarafu moja ufukweni akamuuzia mgeni hajui kama hiyo si ya 301.

Kosa la nne: wazee kabla hawajazinduka

Hili ndilo lililotuudhi zaidi. Katika ukurasa mmoja mwandishi anamshauri anayeanza aende vijijini, kwa kuwa wazee wa huko hawajui thamani ya walichonacho, awanunulie kwa bei ndogo kabla hawajazinduka.

Mtume (s.a.w.) alikataza kuwapokea wenye misafara njiani na kuwanunulia bidhaa kabla hawajafika sokoni wakaijua bei, na akafanya kwamba mwuzaji akifika sokoni ana hiari ya kuvunja biashara. Ni nini tofauti baina ya mchuuzi wa zama zile anayengoja msafara nje ya Madina na kijana anayebisha hodi kwa bibi kizee wa Mbulu akiwa na mizani mfukoni? Tofauti ni kwamba yule bibi kizee hatafika sokoni kamwe, wala hiari yake hataijua.

Mwalimu wetu aliufuata ushauri huo. Anaandika kwamba jirani yake, mzee wa Kidatoga, ana heller kumi ya Mjerumani, ile yenye tundu katikati, ambayo mama yake aliivaa shingoni. Mzee alikataa kuiuza, na kijana anatuomba tumpe maneno ya kumlainisha. Jibu letu liko mwishoni.

Yaliyoachwa: ubadilishanaji na zaka

Mbali na makosa, kuna mambo ambayo kijitabu kimeyaacha na ambayo mkusanyaji Mwislamu hana budi kuyajua tangu siku ya kwanza.

Sarafu ya dhahabu au ya fedha, hata ikiwa na miaka 1,000, haitoki katika hukumu za dhahabu na fedha. Ikibadilishwa kwa jinsi yake, iwe sawa kwa sawa na mkono kwa mkono. Ukongwe wake hauhalalishi ziada. Ikinunuliwa kwa pesa za noti, iwe mkono kwa mkono, maana Baraza la Fiqhi la Kiislamu katika kikao chake cha Amman mwaka 1986 liliamua kuwa noti ni sarafu kamili yenye hukumu za dhahabu na fedha katika riba na zaka. Basi kununua dinari kwa malipo ya kidogo kidogo hakufai. Ama sarafu za shaba, kauli sahihi kwa Mashafii ni kuwa hazina riba, na nafasi kwake ni kubwa zaidi.

Katika zaka, kinachohesabiwa ni uzito wa madini halisi, si bei ya wakusanyaji. Nisabu ya dhahabu ni gramu 85 na ya fedha ni gramu 595. Dhahabu ya Tabora ina gramu 7.17 hivi, na robo tatu tu ndiyo dhahabu, yaani gramu 5.4, basi mwenye kumiliki 16 mwaka mzima amefika nisabu. Rupia ya Mjerumani ina gramu 10.7 za fedha halisi, na 56 zinafikisha nisabu. Shaba haina zaka isipokuwa ya biashara.

Sarafu iliyokuja katika bahasha

Tuje kwenye swali la kwanza. Mwaka 1916, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Waingereza walikuwa wamezifunga bahari na serikali ya Kijerumani ya hapa haikuweza kuletewa pesa kutoka kwao. Wakapiga sarafu zao katika karakana ya reli Tabora: heller za shaba nyeupe na nyekundu, na rupia 15 za dhahabu zenye tembo, kama 16,000 hivi. Dhahabu ilitoka mgodi wa Sekenke katika nchi ya Wanyiramba, upande wa machweo ya bonde la Yaeda. Septemba mwaka huo huo majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yakauteka mji. Kwa hiyo mchuuzi alichagua uongo wenye jamaa karibu.

Tuliipima sarafu ya kijana wetu kwa mizani ya sonara ikatoka gramu 4.2. Ukubwa wake ni ule ule, lakini shaba ni nyepesi kuliko dhahabu, na hapo hapana hila. Ni shaba. Na lau angejiuliza, bei peke yake ingemjulisha: dhahabu iliyomo ndani ya sarafu ya kweli, hata ikiyeyushwa, ina thamani inayozidi sana mbuzi watatu. Hapa inabidi tumwambie ukweli ingawa unauma. Alinunua akidhani kwamba mchuuzi hajui alichonacho. Siku ile mnadani walikutana watu wawili, kila mmoja akiamini kuwa kamshinda mwenzake, na aliyewafikisha hapo ni kijitabu.

Ama hukumu yake: aliuziwa kwa jina la dhahabu, kikatoka kitu cha jinsi nyingine kabisa. Mauzo hayo hayakusihi, na haki yake ya kurudishiwa iko juu ya mchuuzi hata wakikutana baada ya miaka. Lakini haki hiyo iko juu ya mchuuzi huyo tu. Haihamii kwa mtu wa tatu. Swali lake la tatu jibu lake ni hapana, tena bila ya kusitasita. Mwenye kughushi amejitoa katika mwenendo wetu kwa maneno ya Mtume (s.a.w.), naye hakumvua mtu katika hukumu hiyo kwa kuwa aliwahi kughushiwa. Anaweza kuiuza kwa jina la shaba na bei ya shaba. Lakini kwa kuwa atakayenunua huenda asiseme kama yeye alivyosema, kwa idhini yake tumempa sonara aitie alama ya tindo ukingoni kabla ya kumrudishia. Mbuzi watatu ni hasara kwa mwalimu wa kijijini, nasi hatuipuuzi. Mwenyezi Mungu amlipe bora kuliko walivyokuwa.

Basi aanzie wapi?

Hatukatazi kukusanya sarafu. Maulamaa wetu walizishughulikia: al-Baladhuri aliweka mlango wa nukudi katika Futuh al-Buldan, na al-Maqrizi akaandika risala nzima juu yake. Na katika kisa cha Watu wa Pangoni, wafasiri wanasema kuwa ni sarafu yao ya fedha iliyowajulisha watu wa mji kwamba hawa ni wa zama nyingine. Kwa hiyo sarafu kuwa shahidi wa wakati si jambo geni kwetu.

Aanze na daftari. Kila sarafu anayoiona, awe ameimiliki au hakuimiliki, aandike uzito, kipenyo, maandishi ya pande zote mbili kama yalivyo, jina la kijiji, tarehe, na habari aliyoisimulia mwenyewe. Daftari hili halihitaji mbuzi.

Kisha aanze na herufi anazozijua. Kijitabu kinasema kwamba sarafu za Kiislamu hazimvutii anayeanza kwa kuwa hazina picha. Hakika tangu Abdulmalik bin Marwan alipotoa dinari yake ya maandishi matupu mwaka 77 Hijria, sarafu zetu ni za kusomwa kuliko kutazamwa. Na mtoto aliyehitimu madrasa anao ufunguo ambao wengine wanautafuta miaka mingi. Hata Wajerumani wa kampuni iliyotangulia serikali yao, walipotoa pesa ya shaba mwaka 1890, waliandika upande mmoja kwa Kiarabu na kutia mwaka wa Hijria, 1307. Aisome hiyo. Ajizoeze kugeuza miaka: chukua mwaka wa Hijria, ugawe kwa 33, toa jibu lake katika mwaka ule, kisha ongeza 622, 1299 ya Barghash inakuwa 1882. Atafute heller, senti za Afrika Mashariki zenye tundu, na senti za kwanza za Tanzania za mwaka 1966. Hizo si ghali. Ama za Kilwa azisome katika makumbusho, asizinunue.

Na Yaeda Chini si mahali pabaya pa kuanzia. Katika bonde ambalo watu walibadilishana asali, nyama, ng'ombe na nafaka, Wahadzabe, Wadatoga na Wairaqw, sarafu zilichelewa kufika na zilikuwa chache. Basi huenda kila iliyobaki ina mtu aliyeileta na jina lake bado linakumbukwa. Isnadi yake ni fupi, na wapokezi wengine wangali hai. Kwa muda gani, Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye.

Kwa hiyo tulimwandikia mwalimu juu ya jirani yake: usimlainishe. Nenda bila ya pesa, kaa, umwombe akusimulie, na uandike. Majuma machache baadaye tukapata barua ya pili yenye kurasa mbili. Babu wa mzee alilipwa heller hiyo kwa kubeba mizigo, na alirudi nayo nyumbani peke yake, kwani ndugu waliyekwenda naye alifia njiani. Hakukuwa na kitu cha kuinunua siku ile, wala baadaye hakutaka kuitumia; akampa binti yake aivae. Sarafu ingali kwa mzee, na habari yake sasa iko pia katika daftari. Mwalimu anasema mzee alimwuliza jina la yule ndugu wa babu yake litaandikwaje, akamwonyesha, akalitazama kwa muda mrefu.

Wallahu a'lam.